Dirisha la Karantini

Tarehe 2 Januari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mjomba wako. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila ninapoinama, nami nimeliambia tusijuane. Kazi ya kutengeneza mizani inaendelea. Muuza nyama wa kona ameniletea ya kwake kwa mara ya tatu, anadai inakosea. Kosa la mizani ile ni kusema kweli mbele ya wateja. Jirani wa mkabala anakusalimu na anauliza huko uliko wanakula nini. Nimemwambia sijui, akasikitika sana kwa niaba yako.

Simu usinipigie. Niliona ulipiga mara mbili. Mimi simu naiweka kwa ajili ya misiba. Ikilia, moyo unanipasuka, nakimbia na goti langu hili, halafu nasikia "mambo, mjomba". Andika.

Sasa lililonifanya nishike kalamu ni samaki wako. Yule wa milia hana neno. Lakini yule wa manjano ana vitu vyeupe mwilini, vidogo vidogo, utadhani amenyunyiziwa chumvi tayari kukaangwa. Mwanzoni nilidhani ni chumvi kweli, ile ya maji yao ya bahari, kwamba haijayeyuka, nikaipima upya kwenye mizani yangu nzuri. Chumvi iko sawasawa. Kisha nikamwona anajisugua kwenye jiwe, ubavu huu halafu ubavu ule. Chakula anakitazama tu. Nimemweleza kwamba mwenye mali hayupo na mimi ni mlinzi tu, avumilie.

Wewe unajua uliniachia tangi hili kwa sababu mama yako alikataa katakata kufuga ndani samaki asiyeliwa. Wakinifia mikononi, najua atakayecheka. Habari zake sina, wala sijaulizia. Nakwambia mapema ili usiniulize.

Mjomba wako,
Gramu

Tarehe 15 Januari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika leo nikiwa na mpira wa maji begani. Mimi sijambo. Hapa kazini kuna matangi makubwa kuliko nyumba yako, na wageni wanalipa kiingilio kuja kuona samaki, kisha wanatumia muda wote kupiga picha nyuso zao. Chumba changu ni kidogo lakini kina dirisha. Msalimie jirani, mwambie nakula.

Mjomba, huo ni ugonjwa wa madoa meupe, na madoa unayoyaona si ugonjwa wote. Kijidudu kikishiba kwenye ngozi ya samaki kinadondoka, kinajificha mchangani, kinazaliana, halafu watoto wake wanatoka kuogelea kutafuta samaki mwingine. Kwa hiyo madoa yakipotea usifurahi. Wako chini wanajipanga.

Watoe samaki wote wawili, hata huyo wa milia anayejifanya mzima. Waweke kwenye tangi dogo lililo juu ya kabati, bila mchanga wala mawe, ila vipande vya bomba wapate pa kujificha. Pampu ya hewa isizimwe. Dawa ya shaba iko kwenye kisanduku chekundu pamoja na vipimo vyake. Ikipungua haifanyi kitu, ikizidi inaua, na kwa kupima simjui mtu wa kukushinda. Tangi kubwa usilitie dawa hata tone, utaua kamba na konokono. Liache na taa yake na maji yake yanayozunguka, bila samaki, kwa majuma kumi na moja. Hao vijidudu wakikosa samaki watakufa njaa.

Karantini iwe chumba kisichopitwa na watu. Wavu wake mbali, ndoo yake mbali, taulo lake mbali. Asiingie mtu mwenye sabuni au mafuta mikononi, na asipulize mtu dawa ya mbu wala manukato. Na mkono uliotoka huko usiingie tangi kubwa.

Jambo la mwisho. Katikati ya mwaka nakuja likizo. Mara iliyopita nilikula chakula cha mchana mara mbili kila siku, kwako na kwa mama, kwa kuwa nyie wawili hamkai meza moja. Nilirudi huku nguo hazifungi. Safari hii nataka kula mara moja. Tangu upasuaji wako ni miaka mitano. Mama akiulizwa kuna nini anasema, "Aseme yeye." Ukiulizwa wewe unasema, "Aseme yeye." Kama kuna anayejua mlichogombania, aniambie, maana nimechoka kuwa posta.

Mpwa wako

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu,

Goti linaendelea na maisha yake. Maagizo yako nimeyafuata yote. Wa manjano alikamatika kiungwana. Huyo wa milia alinizungusha asubuhi nzima, nikalowa hadi mfuko wa shati. Tangi dogo nimeliweka chumbani kwangu, juu ya sanduku la nguo, kwa sababu huko mbele ni duka na watu wanaingia na mizani mchana kutwa. Mlangoni nimebandika: KARANTINI. USIINGIE. USIPULIZE CHOCHOTE. Dawa nimeipima mara mbili. Imekaa panapotakiwa.

Sasa kumetokea kitu. Siku ile ya kuwahamisha nilifunga duka, nikawa nabeba ndoo. Jirani wa mkabala akaniuliza kulikoni. Nikamjibu ukweli mtupu: "Nina mgonjwa ndani, sitaki kelele."

Hebu fikiria. Mwanamume anaishi peke yake tangu mkewe afariki, anasema ndani kwake kuna mgonjwa. Mgonjwa huyo ni nani? Jirani alinitazama juu hadi chini, akaniambia polepole, "Sawa. Mwambie mgonjwa apumzike, ndoo nitabeba mimi." Kufika jioni uani kwangu hapakuwa na pa kukanyaga.

Nikawaambia ni samaki. Wakaangaliana. Nikawapeleka sebuleni ili wajionee kuwa samaki nimewahamisha, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Walichokiona ni mtu mzima aliyewasha taa ya gharama na mashine zinazonguruma kwa ajili ya maji matupu. Kamba wako, mwoga yule, hakutoa hata sharubu. Jirani akaanza kulia kimyakimya. Muuza nyama akanishika bega. "Gramu, ile mizani yangu uliiweka wapi?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema anauliza tu, Mungu ndiye ajuaye.

Kesho yake nilikuwa navaa ili nizunguke mtaa mzima, nionekane, nipige na miruzi. Nikasikia sauti langoni. Ya nani, sitamtaja. Nilichofanya ni kupanda kitandani na viatu vyangu na kujifunika shuka hadi kidevuni.

Wa manjano bado hali.

Mjomba wako, mzima wa afya

Tarehe 18 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo, ingawa mwezi huu nimebadilishiwa zamu na sasa nalisha pweza, ambaye ananichukia.

Mama amenipigia simu analia. Anasema unapumulia mashine, na kwamba ukikaa dirishani kwako unaisikia: blu, blu, blu. Mjomba, hiyo ni pampu yangu ya hewa. Anasema pia mlangoni pameandikwa KARANTINI na watu wasipulize chochote, maana hutakiwi kuvuta manukato. Akaniuliza ni ugonjwa gani huo unaozidishwa na manukato, mimi si nilisomea mambo ya viumbe. Nikasema sijui. Nimemdanganya mama yangu mzazi kwa ajili yako, na sikulala vizuri.

Kwa hiyo aliyekuja langoni, usiyemtaja, namjua. Amenizaa.

Kwa nini hukumwambia? Neno moja tu: samaki. Mngecheka, mngeingia ndani, yangekwisha.

Wa manjano akikataa chakula, loweka chembe zake kwenye maji ya kitunguu saumu, harufu inamwamsha. Badilisha maji kidogo kidogo, na kila ukibadilisha rudishia dawa kwa kipimo, maana unayomwaga inatoka nayo.

Mwambie mama ukweli. Nakuomba.

Mpwa wako

Tarehe 9 Machi

Mpwa wangu,

Wa manjano amekula. Kitunguu saumu kimemtoa mafichoni, chumba kinanuka kitunguu, na mtaani sasa wanasema natibiwa kwa mitishamba. Watu wanapokea ushahidi wowote.

Kulala nako si kazi rahisi kama mnavyofikiri. Sasa mgongo ndio unaouma kweli. Kazi naifanyia dirishani, wateja wananipitishia mizani kwenye pembe ya wavu wa dirisha uliochanika, na wote wananilipa bila kubishana. Hilo sikulitegemea.

Umeniuliza kwa nini sikumwambia. Nitakueleza, lakini usinikatize.

Mama yako anakuja kila siku akitoka sokoni. Haingii. Amesoma kile kibandiko changu na anakiheshimu kuliko mimi niliyekiandika. Anachukua kiti cha uani, anakiweka chini ya dirisha, mimi niko kitandani nyuma ya pazia. Siku za kwanza tulizungumza habari za mvua. Mvua ilipokwisha, tukazungumza habari za jua. Halafu siku moja ilinitoka, sijui ilitoka wapi. Nikasema, "Nilipolazwa kweli hukuja."

Nikajua ameondoka.

"Nilikuja," akasema.

"Dada, hukuja."

"Gramu, nilikuja. Mlinzi wa getini akaniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Nikamwachia chupa ya chai, ile ya bluu yenye ua, nikamwambia mpelekee, mwambie dada yake kaja. Tangu siku hiyo nasubiri uniletee chupa yangu na uniambie asante. Hukuja nayo. Nikasema haya, kama mambo ndiyo hayo."

"Chupa gani?"

"Usiniulize chupa gani."

"Dada, sikuona chupa. Sikuona hata kifuniko."

Pampu yako ikaendelea na blu, blu yake. Kisha nikamsikia mama yako anasema taratibu sana, "Kwa hiyo yule mlinzi ana chupa yangu." Nakwambia alisimama. Nilisikia kiti kikianguka. Alitaka kwenda hospitali saa ileile kumtafuta mlinzi wa miaka mitano iliyopita, na ningemwacha aende kama nisingeanza kulia.

Nililia, mpwa wangu. Nililia nikiwa mzima wa afya. Tumenuniana miaka mitano, dada yangu wa tumbo moja, na aliyekunywa chai ni mtu mwingine kabisa. Naye akawa analia huko nje huku ananifokea nisilie, eti najichosha, nitashindwa kupumua.

Kesho yake alikuja na chupa mpya, nyekundu. Akaipitisha kwenye wavu. Nikaimaliza yote na kuirudisha palepale ili asianze kuhesabu upya.

Sasa unataka nimwambie nini? Kwamba aliyelia ni mimi ila anayeumwa ni samaki? Ataondoka kwenye kile kiti na hatakikalia tena. Unamjua mama yako. Alimsusa binamu yake mwaka mzima kwa kuchelewa harusini, na harusi yenyewe ilikuwa ya huyo binamu.

Mjomba wako

Tarehe 24 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliisoma kazini. Mkuu wangu akaniuliza nani amefariki. Nikasema hakuna, ni habari ya chupa. Akaniruhusu nitoke mapema.

Sina mengi. Nimefurahi hadi nikampa pweza chakula cha ziada, akanirushia maji usoni.

Katikati ya Aprili muda unatimia. Kama hakuna doa na wote wanakula, warudishe tangi kubwa, na hapo karantini imekwisha. Unanielewa, mjomba? Imekwisha. Mgonjwa amepona, wote wawili. Tumia siku hiyohiyo kumwambia mama.

Mpwa wako

Tarehe 20 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Goti halijambo.

Madoa yamerudi. Si mengi. Moja liko karibu na mkia, jingine sikuliona vizuri. Nadhani tuongeze muda. Majuma sita hivi, au hata manane, tusicheze na ugonjwa. Mama yako anakusalimu. Amehamisha kiti chake kufuata kivuli, na sasa ameanza kuniletea pia hadithi za watu wa sokoni. Kuna moja haijaisha.

Mjomba wako

Tarehe 4 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo. Tiketi nimekata.

Madoa hayajarudi. Samaki aliyekaa kwenye dawa majuma yote hayo, dawa iliyopimwa na wewe, hawezi kupata madoa. Ungesema ulikosea kupima ningeamini, lakini hilo najua huwezi kulisema hata ukiwekewa kisu shingoni. Kwa hiyo umebaki na uongo usio na mguu hata mmoja.

Najua unaogopa. Hata mimi naogopa, mama ni mama. Lakini fikiria akiambiwa na jirani. Fikiria akiambiwa na muuza nyama. Karantini ina mwisho, mjomba. Isipokuwa na mwisho hiyo ni jela, na umewafunga samaki wangu ndani yake pamoja nawe.

Juzi mama aliniuliza swali moja kwenye simu. Sitakuandikia ni lipi. Mimi sikumwambia lolote, hilo naweza kuapa.

Warudishe samaki. Vaa viatu. Mfungulie mlango.

Mpwa wako

Tarehe 23 Mei

Mpwa wangu,

Nimekusikia. Soma polepole, maana ninaandika nimelala chali na mwandiko wangu umeegemea upande mmoja.

Jumanne asubuhi niliwarudisha. Wa milia akaingia kwenye jiwe lake bila hata kushukuru. Wa manjano alizunguka tangi lote, pembe kwa pembe, na kamba wako akatoka hadharani, sasa, baada ya kunitia aibu yote ile. Tangi dogo nikalimwaga na kulisuuza. Kibandiko nikakibandua mlangoni. Nikanyoa ndevu, nikavaa shati la kijivu nililovaa siku ya kumzika mke wangu, nikafungua mlango wa mbele wazi kabisa, nikasimama. Nikaushika mlango kwa mikono miwili. Si kwa ugonjwa wala si kwa goti. Nilikuwa nikiwaza kwamba baada ya dakika chache sitakuwa na dada tena, na safari hii sitaweza kumlaumu mlinzi.

Akaja. Mkono mmoja chupa nyekundu, mkono mwingine mfuko wa nailoni.

"Umeamka," akasema.

"Nimeamka. Dada, kaa kwanza. Kuna jambo."

"Sikai." Akauinua ule mfuko mbele ya uso wangu. Ulikuwa na maji, na ndani ya maji samaki mdogo wa zambarau, amekasirika. Mama yako huyuhuyu, wa samaki asiyeliwa. "Muuzaji ameniambia mgeni hachanganywi na wenyeji. Anakaa kwanza peke yake, kwenye chumba kisichopitwa na watu, asije akaleta ugonjwa. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Muda gani?"

"Majuma manne yanatosha. Wengine wanafika sita."

"Tufanye sita," akasema.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akauliza, kujua nini. Akanipita, akaingia hadi sebuleni, akainama mbele ya tangi lako na kulitazama kama anavyotazama bidhaa ya mtu mwongo. Wa manjano akaja uso kwa uso naye kwenye kioo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Amenenepa," akasema. Kisha akamwambia, "Pole baba." Kwa sauti ileile aliyokuwa akinipa mimi dirishani, mpwa wangu, ileile kabisa. Nikageuka nikajifanya natafuta ndoo.

Nikachanganya maji, nikapima chumvi, nikawasha pampu. Mfuko tukauacha uelee kwanza ili mgeni azoee joto, kama ulivyonifundisha. Mama yako alisimama kwenye kizingiti cha chumba, mguu hakuuingiza. Akaniuliza kibandiko kiko wapi. Nikamwonyesha kwenye takataka. Akakiokota, akakinyoosha kwenye paja, akakirudisha mlangoni na kukipiga kofi kishike. Halafu akatoka nje. Nikasikia kiti kikiburutwa uani, kikatulia chini ya dirisha.

"Gramu."

"Naam, dada."

"Mbona sisikii ukilala?"

Nikavua viatu, nikapanda kitandani. Akapitisha chupa kwenye wavu na kuendelea na ile hadithi ya sokoni palepale alipoiachia. Bado haijaisha.

Wewe njoo. Utakula mara moja kwa siku kama ulivyotaka. Ila utakula uani, chini ya dirisha, pamoja na mama yako, na mimi mtanipitishia sahani, maana huku ndani haruhusiwi mtu.

Mjomba wako, anayeendelea vizuri,
Gramu